Ngozi Nyepesi kwa Masikio ya Baba

Baba aliniuliza amezikwa wapi nikiwa namenya viazi. Alisimama mlangoni pa jikoni, kofia mkononi, akauliza kwa adabu ya mgeni aliyepotea njia: "Mwanangu, walinizika wapi?" Nikamwambia aache masihara, kisha nikakumbuka kwamba hasikii, nikatikisa kichwa na kumwonyesha kigoda akae. Akakaa. Akayatazama maganda yakianguka kwenye beseni, mikono juu ya magoti, na mimi nikaendelea kumenya kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Niliogopa. Nalisema neno hilo kama lilivyo, maana mimi ni mwanamke wa maneno mengi na watu hudhani siogopi kitu.

Tulikuwa tumebaki wawili katika nyumba ile. Mama alitangulia zamani. Kaka zangu wako Dar wanatafuta maisha, sijui yamejificha wapi huko yasionekane miaka yote hii. Mimi niliachika, nikarudi nyumbani na sufuria zangu, nikawa nauza plamu na peasi sokoni Lushoto, na siku za kazi ya kanisa napiga ngoma kubwa ya bendi ya matarumbeta. Ngoma hiyo ilikuwa ya baba. Aliipiga tangu sijazaliwa, na magoti yalipomshinda hakuna mwanamume aliyejitokeza kuirithi. Walisema mwanamke hapigi besi. Nikawaambia anayeitaka aje aibebe aipandishe mlima, tuone. Hakuja mtu.

Bendi yetu hupiga harusini na siku za kipaimara, lakini kazi yake kubwa ni mazishi. Watu wetu wengi hufia mijini, na maiti hupandishwa kwa gari kutoka Mombo, kona baada ya kona. Sisi huisubiri kwenye kona iliyo juu ya kijiji, mahali bonde linapofunguka. Gari likitokeza, matarumbeta hunyamaza na ngoma hupigwa peke yake. Pigo moja, halafu kimya mpaka sauti iishe. Pigo jingine, halafu kimya. Ng'ambo ya bonde watu wakisikia huacha jembe palepale shambani. Hawaulizi ni nani. Huteremka, huvuka mto, hupanda upande wetu na kuni kichwani na unga kwenye vikapu, na wakifika ndipo huambiwa wanamlilia nani.

Wanabendi walikuwa na msemo wao wa kuchekeshana wakati wa kusubiri gari kwenye baridi: ngoma hii asiyeisikia ni mwenyewe tu. Mwenyewe maana yake marehemu. Baba ndiye aliyeuanzisha, na alikuwa akiusema kila msiba, watu wanacheka na kuziba midomo kwa skafu ili wafiwa wasione. Sasa masikio yake yalipoanza kufa, msemo ule ukamgeukia.

Yalikufa taratibu, kwanza la kushoto, lililokuwa upande wa ngoma miaka yote ile, kisha la kulia. Mwanzoni nilimpigia kelele sikioni na akapata. Baadaye hata kelele hazikumfikia. Kuandika hakukufaa, macho ya kusomea yalishakwisha. Watu wakipita njiani wakampa shikamoo, asiitikie, wakadhani ana kiburi cha uzee, wengine wakaacha kumwamkia. Huku kwetu mzee asiyeamkiwa ni jambo zito. Anakaa barazani pake, vijana wanapita mbele yake midomo imefungwa, na hajui kosa lake.

Halafu jirani yetu wa chini, mzee mwenzake, akafia hospitali huko Tanga. Tulimpokea kwenye kona, nikapiga ngoma kama kawaida, tukazika. Niliporudi nyumbani nimejifunga khanga kiunoni na miguu ina udongo wa makaburini, baba alinitazama toka juu hadi chini. Aliuliza nani kafa. Nilimwonyesha kwa kidole nyumba ya chini. Akaiangalia nyumba, akaniangalia mimi. Niliona anahesabu jambo kichwani. Ngoma imepigwa, watu wamekuja, na yeye hakusikia. Toka siku hiyo alianza kula nusu sahani, kisha robo, kisha akawa anaitazama tu.

Jamani, kukaa na mtu anayedhani amekufa si mchezo. Hakuwa mkorofi wala hakuwa amechanganyikiwa. Alijua leo siku gani, alijua mbuzi yupi anakaribia kuzaa. Ila alikuwa na ushahidi wake, na kila siku ulizidi. Siku moja aliangusha kikombe cha udongo kikapasuka vipande nyuma yake, hakugeuka. Nilipoinama kuokota alisema, "Unaona? Hata kikombe nikiangusha hakilii." Siku nyingine alitembea kutoka barazani hadi kwenye zizi na kurudi, akikanyaga kwa nguvu makusudi na kuitazama miguu yake. Akaniambia hana kishindo. Akaniuliza mtu asiye na kishindo ni nani. Nilishika mkono wake nikaubana mpaka yeye mwenyewe akakunja uso, nimwonyeshe kuwa anaumia, ni mzima. Akanipapasa kichwa. Alisema ananihurumia kwa sababu nampenda ndiyo maana bado namwona.

Nikilala namsikia ukumbini anaburuta kiti, anaacha, anaburuta tena. Asubuhi nafungua dirisha, ukungu umeziba bonde lote, hata mikaratusi ya karibu haionekani, na yeye yupo nje amesimama katikati yake bila koti. Nilianza kuwa na mawazo ambayo sikumwambia mtu. Nilijikuta namgusa bega kila nikipita, kuhakikisha. Siku moja niliandaa sahani moja tu ya chakula, yangu, na nilipogundua nililia hadi chakula kikapoa.

Nikampeleka hospitali. Daktari kijana, mpole, alimwangalia masikio, akampima kwa mashine, akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Baba alikivaa hadi tulipofika nyumbani, akakivua, akasema kina nyuki. Lakini daktari alikuwa ameniambia jambo nikalishika: kwamba sauti nyembamba kwake zimekwisha, ila sauti nzito sana, ya chini, huenda bado kidogo inapenya. Sikungoja amalize. Sauti nzito ya chini ninayo mimi, nimeivaa kifuani kwa mkanda kila Jumapili. Kama baba angeisikia ngoma yake hata mara moja, akiwa amekaa barazani pake, angejua kwamba yeye siye mwenyewe wa msiba. Msemo ulikuwa wake, ungemfungua uleule uliomfunga.

Tatizo ni kwamba ngoma yenyewe ilikuwa imezeeka kuliko yeye. Ilikuwa na ngozi za ng'ombe pande mbili, nene, zilizokauka na kuwa na kiraka. Ngozi ya ng'ombe na ukungu wa kwetu havipatani. Unyevu ukishuka inalegea, ukiipiga inasema pu, kama mtu aliyekaa kwenye godoro. Kwa hiyo miaka yote, kabla ya kazi, wanabendi huwasha moto na kuigeuzageuza ngoma karibu na ndimi mpaka ngozi ikaze. Na ndani yake kulikuwa na blanketi. Mchungaji mmoja wa zamani alilalamika kwamba inatikisa vioo vya kanisa, wakaliingiza likae, likasahaulika humo. Sauti ilikuwa imezibwa nje na ndani.

Nikamwambia mwalimu wa bendi nataka ngozi mpya za plastiki, ngoma isikike kwa nguvu, sauti iwe wazi. Yeye ni mtu wa Tanga mjini, alihamishiwa huku kufundisha shule, mtaratibu sana. Alisema nikapime kwanza upana. Mimi sikuamini vipimo, nikafungua pete ya mbao inayobana ngozi, nikaivaa begani nikateremka nayo Mombo na kupanda basi la Tanga. Pale stendi ya Mombo kila mtu alitaka kujua. Mama mmoja muuza machungwa aliniuliza kama nauza tairi la baiskeli ya jini. Nikamwambia ndiyo, jini mwenyewe yupo nyumbani ananingoja. Tukacheka, lakini mwishoni alibaki anacheka peke yake.

Muuzaji wa vyombo vya muziki alinitolea ngozi nyingi kuliko nilivyodhani zipo duniani. Kuna nyeupe zenye unga wa kukwaruza, kuna zinazoangaza kama kioo cha dirisha, kuna nyeusi. Kuna za tabaka moja na za tabaka mbili. Akaniuliza ngoma inapigwa wapi. Nikamwambia nje, mlimani, mazishini. Alisema basi chukua nzito, tabaka mbili, ina pete ya ziada pembeni ya kumeza mlio, hii haipasuki, utazikia wajukuu. Neno haipasuki lilinipendeza. Mimi ni mtu wa milimani, kitu kisichopasuka nakithamini. Nikabeba mbili.

Tulizifunga Jumamosi uani pa kanisa. Nilipiga pigo la kwanza nikasikia tumboni, nikasema hapa tumepata. Mwalimu alisimama karibu akaitikia kwa kichwa. Lakini tulipomtuma mpiga tuba avuke mto akasikilize, alirudi na uso wa kuhurumia. Alisema ng'ambo kinafika kishindo kifupi tu, kama mtu katupa gunia la viazi, halafu basi. Nguvu ilikuwapo, ila iliishia palepale. Ile pete ya kumeza mlio ilikuwa ikimeza mlio kweli, kazi yake inaijua. Nilikasirika nikaenda nyumbani bila kuaga. Baba alikuwa barazani, hatua chache tu kutoka kanisani. Hakuwa amesikia kitu.

Sasa tukapata mazishi ya mama mmoja wa Vuga aliyeolewa kwetu, siku ya ukungu mzito. Nilichelewa kufika kwenye kona kwa sababu ya baba, na nilipofika nikakuta moto unawaka na mpiga tuba, mtu mwema kabisa, mcha Mungu, anaigeuzageuza ngoma yangu mbele ya ndimi, taratibu, kwa mapenzi, kama walivyofanya yeye na babu yake. Hakufikiria plastiki. Mikono ilijua ukungu umeshuka, ikafanya inachojua. Ngozi ilikuwa imejikunja kama karai la maandazi lililopinda, na katikati ina bonde. Mwalimu alipoona alikaa chini kwenye jiwe. Mimi nilimtolea mpiga tuba maneno ambayo siwezi kuyaandika, na alistahili mawili matatu. Lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilishukuru. Ile ngozi nzito nilikuwa naichukia na sikuwa na sababu ya kuitoa.

Tulimzika yule mama kwa matarumbeta peke yake. Ilikuwa aibu. Watu wa ng'ambo walichelewa kuja, na walipokuja walilaumu.

Nikarudi Tanga na pete yangu begani. Safari hii nilimwambia muuzaji anyamaze kwanza. Nikazichukua ngozi moja moja, nikazishika ukingoni kwa vidole viwili, nikazigonga katikati kwa kidole cha kati, nikaweka sikio. Nene zilisema tap, zikanyamaza. Nyembamba ya tabaka moja, isiyo na pete yoyote, isiyo na unga, ilisema neno refu lililoendelea baada ya kidole kutoka. Nikaigonga tena nikafumba macho. Muuzaji alinionya kwamba hiyo inalia sana, huwezi kuinyamazisha kirahisi, na itachoka mapema. Nikamwambia hata mimi. Nikachukua mbili za namna hiyo, ya upande wa kupigwa na ya upande wa kuitikia, hiyo ya pili isitobolewe tundu kama wanavyopenda wapiga ngoma wa ukumbini. Tundu huachia pumzi. Nilitaka pumzi yote ibaki ndani izunguke.

Nilizifunga mwenyewe. Nilitoa blanketi kwanza, likatoka na vumbi na mende wawili na harufu ya miaka. Nikakaza nati kwa kupokezana, hii halafu ya mkabala wake, kidogo kidogo, nikigonga ukingoni penye kila nati hadi zote zikasema sauti moja. Upande wa kuitikia niliukaza zaidi kidogo. Hilo alinifundisha baba kwenye ngozi za ng'ombe, kwa kamba, kabla ngoma haijatiwa nati, nikiwa bado nasoma, na lilikuwa kweli hata kwa plastiki. Alikuwa amekaa pembeni akinitazama. Mikono yake ilikuwa ikisogea magotini ikifuata yangu.

Asubuhi ya Jumatano, hali ya hewa imefunguka, niliivaa ngoma nikapanda nayo peke yangu hadi kwenye kona. Kutoka pale nyumba yetu inaonekana, baraza na baba juu yake, mdogo kama kitone. Nilitaka kujua jambo moja tu: sauti inaishi muda gani. Ngozi iliyo wazi hutaijua ukiipigapiga haraka. Lazima upige mara moja, uache, usikilize mpaka mwisho wake kabisa, ndipo upige tena. Nikapiga. Ee Mungu wangu. Ilitoka ikaenda, ikagonga ng'ambo, ikarudi, ikapita juu yangu, na ngozi bado ilikuwa inatetemeka chini ya kiganja. Nikangoja ikaisha. Nikapiga tena. Nikangoja. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli, nilikuwa nalia kwa furaha, macho kwenye baraza nikingoja kitone kile kigeuke, kisimame, kifanye lolote.

Hakikugeuka. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, nikangoja.

Ndipo nilipoona ng'ambo. Kwenye matuta ya kabichi na maharage, toka juu mpaka mtoni, majembe yalikuwa yamesimama. Watu walikuwa wamenyooka, wanatazama upande wangu. Kisha wakaanza kuteremka, wanawake wakifunga khanga viunoni. Nilikuwa nimepiga pigo moja na kimya, pigo na kimya, kwenye kona ileile, nimeielekeza ngoma nyumbani kwetu. Na kuhusu nyumba ile kila mtu alijua ni nani anayekaribia kufa. Nilitaka kupiga kelele kuwarudisha. Kelele yangu ingefika wapi?

Nilikimbia na ngoma kifuani, nikianguka na kuamka. Nilipofika uani, wa kwanza walikuwa wameshaingia, wa upande wetu, na wa ng'ambo wakawa wanapanda nyuma yao na kuni. Walikuwa wanalia kwa sauti, kisha wakafika mbele ya baraza wakamkuta marehemu amekaa. Kilio kikakatika. Walisimama tu. Mtu akija msibani ana maneno yake mdomoni tayari, hana maneno mengine. Hakuna aliyempa shikamoo. Hata wale waliomheshimu kuliko wote, midomo ilikataa. Baba aliwatazama mmoja mmoja, kuni, unga, macho mekundu, kisha akanitafuta mimi katikati yao.

"Niliwaambia," akasema.

Alisema kwa upole, bila kulaumu, kama mtu aliyengojea muda mrefu aaminiwe. Kisha akaweka kofia yake sakafuni. Ndiyo niliyoyafanya, nikawaza. Ngozi nimechagua vizuri, mlima mzima umesikia, na nimemzika baba yangu mchana kweupe.

Ikaingia sauti ya mtu anayeomboleza na kutukana kwa pamoja. Ni binti wa shangazi yake baba, mzee mwenzake, aliyeolewa ng'ambo. Kwetu binamu ni watani, na mtani msibani ana kazi: humwigiza marehemu, huwachekesha wafiwa, hulalamikia sahani ya chakula. Alipita katikati ya watu bila kutazama barazani, akanivua ngoma, akajivisha mwenyewe, mwili mdogo nyuma ya dude lile, akaanza kazi yake. Alitokeza tumbo. Akalamba mdomo wa juu. Akafumba jicho moja, akanyanyua kiwiko nje kama bawa la kuku, akatembea ua mzima akijifanya anapiga, huku anasema mlalahoi huyu hata kufa amechelewa kama alivyokuwa akichelewa mdundo. Ilikuwa ni baba kabisa. Watu walioganda wakaanza kutikisika mabega.

Baba alisimama. Sijui lini nilikuwa nimemwona akisimama haraka vile. "Kiwiko!" akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake. "Kiwiko hicho umekitoa wapi? Mimi sijapiga hivyo maisha yangu yote."

Mtani akageuka, akamwona. Alibaki jicho moja limefumbwa. Lakini mtani hashindwi mbele za watu. Akamwonyesha kidole chini, alale, marehemu halalamiki. Baba hakusikia, ila kidole alikielewa, nacho kikamkasirisha kweli. Alishuka barazani, akamnyang'anya kirungu cha ngoma. Akaubana mkono wake mwenyewe ubavuni kuonyesha kiwiko kinavyokaa, akapiga.

Alipiga kwa hasira, kwa mkono wa miaka yote ile, kwenye ngozi nyembamba ya tabaka moja, bila blanketi, bila tundu. Kuku waliruka. Mtoto mgongoni kwa mama yake akaanza kupiga mayowe. Mtani akaziba masikio, mwanamke mmoja akaangusha kikapu cha unga, na mwalimu wa bendi aliyekuwa ndio anaingia langoni akarudi nyuma hatua. Baba hakuwa akiiangalia ngoma. Alikuwa anatuangalia sisi. Nilimwona anamtazama mtoto anayelia, mikono ya mtani masikioni, unga uliomwagika. Akapiga tena, taratibu, macho kwenye nyuso zetu, akatuona sote tunashtuka kwa pamoja. Akageuza kirungu, akakitazama, akatazama kiganja chake.

"Imefika ng'ambo?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwonyesha watu wa ng'ambo, wote, wamejaa uani, udongo wa mashambani bado miguuni. Akawatazama upya. Kirungu kilikuwa bado mkononi, na nilijua anahesabu tena, na safari hii sikuthubutu kumgusa.

"Kumbe kilichokufa ni masikio," akasema. "Na mimi nikauwekea matanga mwili mzima."

Akarudi barazani akakaa. Hakulia, ila uso wake ulifanya kama unataka. Hapo ndipo mtani alipovua ngoma, akapanda ngazi, akapiga goti mbele yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama tunavyowashika waliofiwa. Akampa pole. Hakuipaza, haikuwa na haja. Baba aliangalia mdomo wake na neno lile alilijua.

"Nimeshapoa," akasema.

Akafuata wa pili, kisha wa tatu. Kwetu haturudi kutoka msibani bila kumpa mfiwa mkono, na watu walikuwa wameshakuja. Walipanga mstari toka barazani hadi langoni, wakampa pole kwa masikio yake, na yeye akampokea kila mmoja na kumjibu, nimeshapoa, nimeshapoa, machozi yakimtoka sasa bila kuyafuta. Mimi nilikoka moto kwa kuni walizoleta, nikabandika maji ya ugali, na nilipompelekea sahani aliimaliza.